Milango ya Banda la Kuku

Juzi nilisimama katika gereji moja ya jua kali hapa Kisumu, nikamtazama fundi wa bodi akikwangua Krismasi zetu kwenye milango miwili. Ndivyo nilivyoona mimi. Yeye aliona rangi tu. Kwanza ikatoka kijani, halafu nyekundu, halafu ile buluu iliyobaki tulipopaka madirisha ya nyumba, na chini kabisa ikajitokeza rangi ya kaki ya Landkruza. Mwenye gari akacheka kwa furaha alipoiona. Mimi sikucheka, rafiki yangu. Nilitamani kumnyang'anya fundi ule msasa.

Acha nikueleze. Kule Kisian tulikolelewa, boma letu na la jirani yalitenganishwa na ua wa miiba. Sisi tulikuwa na nyanya yetu aliyetulea, na kuku. Wao walikuwa na Landkruza. Mzee wa jirani alikuwa mkaguzi wa miwa Muhoroni, na kila Ijumaa jioni alirudi na gari limejaa miwa nyuma. Watoto wake walimngojea barabarani. Akisimama, walifungua milango miwili ya nyuma, wakapanda na kukaa kwenye vile viti vya pembeni, miguu ikining'inia, kisha wakaingia nyumbani polepole huku wakitafuna. Makapi waliyatemea njiani, na njia ile ndiyo tuliyopita sisi na ndoo za maji.

Niliwaonea wivu sana. Nasema kweli. Kitinda mimba wao, kijana wa rika langu, alikuwa na tabia ya kunipungia mkono kutoka mle ndani kama mbunge. Jumapili walitupita tukienda kanisani kwa miguu, viatu mkononi, vumbi likitumeza sote. Nyanya hakugeuza hata shingo. "Fungeni midomo," alituambia, "msije mkala vumbi ya watu."

Halafu gari likafa. Lilisimama nyuma ya ghala lao, nyasi zikaota hadi kwenye usukani. Msimu uleule nguchiro alikuwa anammalizia nyanya kuku wake, kwa sababu banda letu lilifungwa kwa gunia tu. Siku moja mzee wa jirani alipita kwenye pengo la ua akiwa amebeba mlango mmoja kichwani, akarudi kuleta wa pili.

"Mama, chukua hizi mlango," alisema. "Gari ilishakufa. Wacha kuku wafaidi."

Nyanya aliitundika mwenyewe, kwa waya na misumari, na aliitundika kichwa chini. Vioo vikawa chini, karibu na ardhi. Watu walimcheka, naye akawajibu kwamba kuku si abiria, wacha waone nje wakiwa wamesimama. Na kweli, asubuhi ungewakuta wamepangana kwenye kioo wakimngojea. Mlango uligoma mpaka auinue kidogo kwa goti, halafu ukalia kwa nguvu, na mlio huo ndio uliotuamsha. Baada yake ilikuja harufu ya moshi, uji wa wimbi, na omena, wale dagaa wa ziwani, wakikaangwa. Kila Desemba, tulipomaliza kukandika nyumba kwa udongo na kupaka madirisha, rangi iliyobaki ilikuwa yetu watoto, na tuliimalizia kwenye milango ile. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na kitu cha gari. Nilimpungia mkono yule kijana kutoka ndani ya banda, nikiwa na manyoya kichwani.

Sasa nyanya hayupo, na kuku hawapo. Mzee wa jirani pia alitangulia. Yule kitinda mimba amekuwa bwana mwenye kitambi na kazi nzuri, na mwaka huu ameamua kulifufua gari la babake. Alinipigia simu.

"Nyamera, habari ya siku mingi," alisema, akiniita dada kama desturi ya kwetu. "Zile mlango za Baba bado ziko?"

"Ni za Dani," nilimjibu. Dani ndiye nyanya kwa Kijaluo.

"Najua. Lakini hakuna zingine, nimetafuta kila mahali. Na huko sasa si zinafunga hewa tu?"

Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu lilikuwa kweli. Gari walikuwa nalo wao, miwa walikula wao, na hata kile kipande kimoja tulichopata sisi wakakitaka tena. Nilimpa, lakini kwa moyo mzito, na nikamwambia lazima niwepo ikifungwa.

Basi nikawepo. Fundi aliinyoosha, akaipaka kaki, akatia raba mpya, akaning'iniza wa kushoto kisha wa kulia, vioo juu. Wa kulia ulikwaruza, akaongeza washa, kile kijipete cha chuma, nyuma ya bawaba. Akausukuma kwa kidole kimoja, ukafunga kimya. Goti halikuhitajika.

"Panda, nyamera, twende nyumbani," bwana akasema.

Nilipanda nyuma, kwenye kiti nilichokililia utoto mzima. Kilikuwa kigumu. Tulipofika Kisian na kukata kona kwenye boma lao, mamake, ambaye siku hizi husahau watu na hata kanisani hapelekwi, alitoka nje akijishikilia ukutani. Alikuwa amesikia injini. Alitabasamu kama msichana na kumwambia mwanawe, "Leo umechelewa, Baba."

Mwanawe hakumsahihisha. Alimshika mkono tu, wakabaki wamesimama hapo.

Wivu nilioona dakika ile, sikuwahi kuuona utotoni. Nilishuka, nikaifunga milango taratibu, nikatazama ng'ambo ya ua. Kwetu hakuna aliyetoka.