Mbwa Aliyetoka na Meno ya Mpiga Tarumbeta

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimeishi miaka ishirini na sita na mwanamume anayetengeneza meno ya bandia kwenye chumba cha nyuma. Rafu ambayo wenzangu wanapangia vikombe, yangu imejaa fizi za plasta za watu ninaopishana nao sokoni. Nimezoea. Lakini Ijumaa ile nilishangaa, na hadi leo nikitaka kusimulia natafuta kwanza pa kukaa.

Mume wangu watu wanamwita Fundi Meno. Ni mpole kupita kiasi, na ukizungumza naye anakutazama mdomo, si macho, kwa hiyo wageni hudhani mchicha umewanasa menoni. Daktari anachukua umbo la mdomo wa mgonjwa, analituma kwetu, na mume wangu anamimina plasta, anajenga ufizi kwa nta, anapanga meno moja moja, anapika plastiki, kisha anang'arisha mpaka unajiona. Ana udhaifu mmoja tu: hawezi kuvumilia kumwona kiumbe anateseka na meno. Udhaifu huo ndio uliotuponza.

Mbwa alimleta akiwa na miezi miwili, ndani ya boksi la plasta. Alikuwa mtulivu, anakula chake, analala chake, nikampa jina la Mstaarabu. Mjinga mimi. Alipofikisha miezi minne meno ya utoto yakaanza kumtoka, akawa anatafuna miguu ya meza. Mtu mwingine angemfukuza na ufagio. Fundi alimkalisha, akamfungua mdomo, akammulika kwa tochi kama mteja wa kulipa.

"Masikini, fizi zinamuwasha," akasema.

Akachukua meno ya bandia ya juu yaliyoharibika zamani, ambayo daktari aliyarudisha kabla hata ya kuyajaribisha kwa kuwa yalipinda, akayapiga msasa pembe zote, akampa mbwa ayatafune.

"Baba Watoto, unampa mbwa meno ya mtu?"

"Si ya mtu. Hayajawahi kuingia mdomoni mwa mtu."

Mbwa akayapenda. Alilala nayo, akaamka nayo, akayabeba uani kama mtoto na kijiko chake. Miguu ya meza ikapona, nikanyamaza.

Halafu akafikisha miezi minane, na sijui nani alikuja usiku akambadilisha. Jina lake akalisahau. Ukimwita anakutazama, anafikiri, anaondoka. Ukimtoa kwa kamba, anakutoa wewe. Alichimba shimo uani la kuzikia mtu mzima. Alivuta kitambaa cha meza kikiwa na chai juu yake. Siku moja alipanda mguu wa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti alikuwa amekuja kwa mambo ya heshima. Nilitamani ardhi inimeze.

Daktari wa mifugo hakuona ajabu. "Amebalehe tu, mama. Mhesabu kama kijana wa miaka kumi na minne. Msimpige, mpeni kazi na vitu vyake, mvumilieni mpaka akili ikomae."

Nilimwambia nimelea wavulana wawili wakapita umri huo, na hakuna hata mmoja aliyepanda mguu wa mwenyekiti. Akacheka. Mimi sikucheka. Nilifika nyumbani nikamwambia mume wangu wazi: ama mbwa huyu ama mimi. Akasema sawa, Jumapili binamu yake atakuja kumchukua.

Wiki hiyohiyo Fundi alikuwa anamalizia kazi ya mpiga tarumbeta wa bendi ya mji. Huyo kaka alianguka na baiskeli akapoteza meno sita ya mbele ya juu. Kumbe tarumbeta inapulizwa kwa meno. Midomo inaegemea pale, na pakiwa wazi unatoa hewa tupu. Miaka kumi na tisa amekalia kiti chake kwenye bendi, na sasa kijana mmoja alikuwa amekikalia kwa muda. Mkuu wa bendi alimpa mpaka Jumamosi saa nne asubuhi. Akipuliza, kiti chake. Asipopuliza, amekwisha.

Alikuja kwetu kila wiki kujaribisha, kiganja kimefunika mdomo hata akisalimia. Nilikuwa namhurumia, namwongezea sukari kwenye chai. Fundi aliyatengeneza meno yale mara tatu ili yasisogee tarumbeta ikiyabana. Alhamisi akasema sasa yamekaa, na mwenyewe ayafuate Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Basi, Ijumaa. Asubuhi alikuja mteja, mama mmoja nadhifu, mkoba mapajani, akaketi kwenye benchi kusubiri. Nageuka kuchukua glasi ya maji, narudi, namkuta amesimama juu ya benchi. Mstaarabu alikuwa amemwekea meno yake mapajani, yakitiririka mate. Yule mama hakupiga kelele. Alishuka, akachukua mkoba, akaondoka, na sijamwona tena.

Nilipandwa na hasira. Niliyanyakua yale meno ya mbwa, nikayatupa kwenye pipa la taka nje ya geti, nikakandamiza mfuniko. Nikasema moyoni, aibu hii leo imekwisha. Sikumwambia mume wangu. Kulikuwa na haja gani? Jumapili mbwa mwenyewe anaondoka.

Kutwa nzima Mstaarabu hakutulia. Aliingia chini ya kitanda, akatoka. Alinusa nyuma ya friji, akakwaruza mlango wa stoo, akaniletea kandambili, akaniangalia, akalia kwa sauti nyembamba. Nikamwambia aache kunizunguka. Niliona ni ukorofi uleule umezidi.

Saa tisa na nusu nilikuwa jikoni namenya viazi, mlango wa chumba cha nyuma uko wazi mbele yangu. Fundi alikuwa amemaliza kung'arisha meno ya mpiga tarumbeta, ameyalaza juu ya taulo safi kwenye meza yake ya kazi, ananawa mikono kwenye sinki la jikoni. Meza hiyo mbwa hakuwahi kuifikia. Lakini miguu yake ilikuwa imerefuka, sisi hatukutazama. Nilimwona akisimama kwa miguu miwili, taratibu kabisa, akachukua meno kwa ncha ya mdomo kama anayechukua chake, akapita kati yangu na sinki, akatoka nje.

Nilishika kisu na kiazi nikabaki hivyo. Fundi ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Kesho saa nne," kisha akakimbia na aproni yake ya plasta, na mimi nyuma yake.

Sasa nikueleze niliyoyaona. Yale meno yalikaa kwenye mdomo wa mbwa yakiwa yametazama mbele. Meno sita ya mtu mzima, meupe, yamepangika. Mbwa alikuwa anakimbia mtaani anacheka. Kinyozi alitoka na mashine mkononi ikinguruma, mteja wake akamfuata akiwa amenyolewa nusu kichwa. Mwanamke aliyekuwa anangoja basi alimtazama mbwa, akaketi chini palepale. Sisi tukizidisha mbio naye anazidisha, mkia juu, anadhani ni mchezo, na mimi kila akirukaruka nasikia kiti cha yule kaka kinavunjika.

Alisimama kwenye ngazi za duka la vitabu. Akalala, akayaweka meno kati ya miguu ya mbele. Fundi akisogea hatua moja, anayadaka na kuyabana. Fundi akirudi nyuma, anayalegeza. Muuza vitabu akaleta mkate, mbwa hakuugeukia. Kinyozi akashauri tumrukie wote, Fundi akakataa. Akibana kwa nguvu mara moja tu, plastiki inapasuka, na kuunda mengine ni siku tatu.

Mume wangu alipiga magoti barabarani. Akaniambia bila kugeuka, "Mama Watoto, kimbia nyumbani, lete meno yake ya zamani. Atabadilishana. Hana shida na haya, anataka ya kutafuna tu."

Niligeuka nikakimbia, na nilipokata kona nikaliona gari la taka limesimama mbele ya geti letu, kijana aliye juu yake ananyanyua pipa langu. Ijumaa. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Ijumaa ndiyo siku ya gari la taka.

"Simama kaka, usimwage."

Alikuwa ameshamwaga. Mwenzake akaniuliza kwa upole kama nimepoteza pete.

"Natafuta meno," nikasema.

Akanitazama mdomo, akaona yangu yote yapo. "Ya nani, mama?"

"Ya mbwa."

Walitazamana. Sikuwalaumu. Nilishika ukingo wa gari nikapanda, mwanamke wa miaka hamsini na mbili na kanga ya jikoni, nikaingiza mikono yote miwili kwenye maganda ya viazi vya mtaa mzima. Wale vijana, Mungu awape heri, waliacha kucheka wakanisaidia. Ni mmoja wao aliyeyainua juu, yana majani ya chai, akauliza, "Haya?" kwa sauti ya mtu ambaye hatakula chakula cha jioni.

Nilirudi mbio nayo. Sikumpa Fundi. Nilimkaribia mbwa mwenyewe, nikachuchumaa, nikanyoosha mkono. Mstaarabu alinusa hewa. Aliyaacha meno ya mpiga tarumbeta kwenye ngazi kama kitu kisichomhusu, akaja, akayachukua yake kwenye kiganja changu, akaniegemea begani kwa uzito wake wote. Mkia wake ulikuwa unapiga ngazi. Nikaanza kulia mbele ya kinyozi.

Tukirudi, Fundi alikuwa ameyafunga meno kwenye leso. Kisha akatoa jani la chai kwenye nywele zangu.

"Yalikuwa wapi?"

Uongo ulikuwa mdomoni tayari, nikaumeza. "Kwenye taka. Niliyatupa mimi asubuhi."

Alinitazama mdomo, kama kawaida yake. Halafu akanitazama macho, na sikumbuki mara ya mwisho alifanya hivyo ilikuwa lini.

"Kwa hiyo kutwa nzima alikuwa anatafuta yake," akasema.

Angenigombeza ningepumua. Nilikumbuka kandambili alizoniletea na kile kilio chembamba, nikajiona mtu mbaya, nasema kweli.

Aliyaloweka meno ya yule kaka kwenye dawa ya kuua vijidudu, akayakagua kwa lenzi. Hakukuwa na ufa. Kwenye ufizi wa plastiki kulikuwa na vishimo viwili vidogo, akavifuta kwa msasa, akang'arisha upya, akaloweka tena. Nikamwambia basi tusimwambie, maana yamesafishika. Akasema yanaingia mdomoni mwa mwenzetu, ana haki ya kujua yametoka wapi.

Mpiga tarumbeta alifika saa kumi na moja kamili, kiganja mdomoni, begi la tarumbeta begani. Fundi akamweleza yote isipokuwa sehemu yangu. Hiyo nikaisema mwenyewe. "Kaka, kosa ni langu, si la mbwa wala la Fundi."

Akatazama begi lake la tarumbeta. Nilihesabu misumari ya sakafu.

"Yana ufa?"

"Hayana," Fundi akajibu.

"Yanakaa?"

"Jaribu."

Akageukia ukuta, akayavaa. Akafungua begi. Pumzi ya kwanza ilitoka hewa tupu, na mimi nikashika meza. Ya pili ikatoka sauti, ikayumba, ikasimama, ikajaa chumba mpaka fizi za plasta zikagongana kwenye rafu. Uani, Mstaarabu akajibu kwa kubweka kurefu, na yule kaka akaacha kupuliza, akageuka na kucheka. Mkono ulikuwa chini. Niliuona mdomo wake kwa mara ya kwanza.

Jumamosi saa sita alipita na sare ya bendi. Kiti ni chake.

Jumapili binamu akaja na kamba. Nilimkaribisha, nikamwekea chai, nikamwambia mbwa haendi kokote.

"Si shemeji ulisema ama yeye ama wewe?" binamu akauliza.

"Nilisema."

Mume wangu alikuwa anatazama kikombe chake. Wakati huo Mstaarabu akaingia kutoka uani na matope hadi masikioni, akakanyaga mkeka wangu safi, akamwekea yule binamu meno mapajani. Mtu mzima akaruka na kikombe.

"Usishtuke, shemeji," nikamwambia. "Ni yake."