Mama Ngapi Koridoni

Kazi yake ilikuwa kukaa na hasira za watoto wa watu. Siku nne kwa wiki, saa tisa mchana hadi saa kumi na mbili jioni, vijana wanane walitoka shuleni wakaja moja kwa moja kwenye chumba chake nyuma ya zahanati. Walikaa kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara, na hata kabla hawajavua mabegi mshauri wao aliwauliza mmoja mmoja: "Una ngapi?" Moja ni shwari, kumi ni kuvunja kioo. Ndiyo maana walimwita Mama Ngapi. Hakuna aliyelazwa wala kufungiwa. Jioni kila mtu alirudi kwao, kesho akaja tena, hivyo hivyo wiki kumi mfululizo. Wapo majirani walioiita kazi hiyo mchezo wa viti. Hao hawajawahi kumzuia kijana wa miaka kumi na sita asigonge kichwa chake ukutani.

Mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na miwili na magoti ya mtu wa sabini. Alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe ulikuwa wa kuamka nao asubuhi. Kanuni ilimtaka naye ajibu akiulizwa ana ngapi, na siku zote alijibu "tatu," kwa sauti laini kama ya mtu aliyetoka kuoga. Walimwamini.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja, miaka kumi na mitano, na huyo mama hakumwuliza ana ngapi. Alifika saa moja akiwa amegawa subira yote huko alikotoka, akakuta vyombo havijaoshwa, na ugomvi ukaanza kabla ya viatu kuvuliwa. Wahenga walisema mganga hajigangi. Wakasahau kutaja watoto wa mganga.

Mwezi uliopita binti alimrushia mwalimu kiti. Kilimkosa, Mungu mkubwa, lakini mkuu wa shule hakuwa na mzaha: binti amalize wiki kumi za tiba ya kutuliza hasira, la sivyo asirudi darasani. Na tiba hiyo, mji mzima, ilitolewa mahali pamoja tu. Kazini kwa mama yake.

Mshauri haruhusiwi kukaa kundi moja na mwanawe, kwa hiyo binti alipelekwa chumba cha pili, kwa mshauri mwenzake, bwana mdogo mpole mwenye miwani. Kati ya vyumba hivyo kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba. Mtu akipiga chafya huku, kule wanamwambia "afya."

Siku ya kwanza Mama Ngapi alifanya kazi kwa sikio moja. Alikuwa anawaonyesha vijana wake kuvuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne, akakwama kwenye tatu, kwa sababu upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu na sauti aliyoizaa mwenyewe ikapaa: "Sisemi! Siwajui, sisemi, niacheni!" Mlango ukabamizwa.

Kwa jambo hilo walikuwa na desturi yao. Kijana akitoka kwa hasira, mshauri wake hubaki na kundi. Anayemfuata ni yule wa chumba cha jirani, na jagi la maji na kikombe. Husimama naye koridoni bila kusema neno. Hata pole hasemi, maana maneno kwa mtu aliyefika tisa ni kuni. Namba ikishuka, kijana hurudi ndani mwenyewe. Akivuka mlango wa mbele, amejitoa, na nafasi yake inakwenda kwa mwingine; waliokuwa wakisubiri walikuwa arobaini. Mama Ngapi ndiye aliyeianzisha desturi hiyo, na kwa miaka kumi na mmoja hakuikosea hata mara moja.

Akachukua jagi na kikombe, akatoka.

Binti alikuwa hatua saba kutoka mlango wa mbele, begi mgongoni, akihema. Mama akafungua mdomo.

"Umeshaanza? Hata saa moja haijaisha! Unajua nimewabembeleza watu wangapi upate hicho kiti? Sasa nikapige magoti kwa nani tena, mwanangu?"

Binti akageuka. "Nilipokuwa mdogo si nilikuwa nakusubiri hapa, kwenye benchi lile? Watoto wa watu walikuwa wanatoka wanalia, unasimama nao kimya. Kimya kabisa, mama. Mimi tu ndiyo unanihutubia."

Majibu mama alikuwa nayo, tena ya kutosha. Lakini akateleza na ukuta mpaka akakaa sakafuni, jagi mapajani. Aliona aibu. Akamimina maji kikombeni, akanyamaza.

Binti akautazama mlango wa mbele. Ulikuwa wazi, na nje fundi baiskeli alikuwa akigonga rimu. Akapiga hatua moja kuuelekea, kisha ya pili. Mama aliyameza maneno moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na miiba. Hakuna mtoto wa mtu aliyewahi kumgharimu kimya kama kile.

"Wewe una ngapi?" binti akauliza, bado amempa mgongo.

Tatu ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya ulimi.

"Tisa," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu tumzike baba yako."

Ilikuwa inakwenda miaka minne. Fundi aligonga, akaacha, akagonga tena. Binti akarudi, akachuchumaa mbele ya mama yake, akachukua kikombe na kunywa nusu.

"Mimi nilidhani umeshamsahau," akasema.

Akamrudishia kikombe, akainuka, akarudi kwenye chumba cha pili na kuufunga mlango taratibu. Kupitia mbao Mama Ngapi alimsikia bwana mdogo mwenye miwani akiuliza ngapi, na binti yake akijibu, "Saba." Akayanywa maji yaliyobaki na kulia pale pale sakafuni, huku vijana wake wanane wakimsubiri.