Eba Iliyosongwa kama Ugali

Mama wa mchumba wangu alikuwa ametua Toronto kutoka Lagos siku ya Jumapili, na tangu hapo hakuwa amekula kitu cha maana. Pilau yangu aliisifia, kisha akaisukuma pembeni kwa adabu. Nami nilitaka anipokee, nilitaka mno, kama msichana anayedhani mapenzi ameyavumbua yeye. Kwa hiyo Alhamisi, mwanawe alipokuwa zamu kwenye ghala la mizigo huko Malton, niliamua kumpikia eba, ugali wa kwao wa muhogo.

Mchuzi wa bamia mchumba wangu alikuwa ameuacha tayari, pamoja na mfuko wa garri: muhogo uliokunwa, ukachachushwa, ukakamuliwa, ukakaangwa mpaka ukawa chembechembe kama mchanga. Nilionja. Uchachu wake mwembamba ulinipanda puani nikacheka peke yangu. Muhogo niliokua nao Mombasa ulikuwa wa kukaanga, wenye ndimu na pilipili. Huyu alikuwa ndugu yake aliyesafiri akarudi na lafudhi.

Mfuko ulikuwa na maelekezo. Sikuyasoma. Mtu anayesonga ugali tangu darasa la tano asome maelekezo ya nini?

Maji yalipotokota nilimwaga garri, moto ukiwaka, nikaanza kusonga. Ikaonekana nyepesi, nikaongeza. Bado nyepesi, nikaongeza tena. Kisha ikaanza kufura, taratibu, kama kitu kinachoamka, ikapita nusu ya sufuria, ikafika ukingoni, nami naikandamiza kwa mwiko huku jasho likinitoka na nje theluji inaanguka juu ya mtaa wetu wa Regent Park.

"Binti, unampiga nani?"

Alikuwa amesimama mlangoni.

"Napika eba, Mama."

"Juu ya moto?" Alisogea akachungulia. "Sisi tunachemsha maji tu. Unamimina kwenye bakuli, unanyunyiza garri, unafunika, unaiacha ijifikirie. Ndipo unageuza."

"Kwetu ugali usipopigana nao hauivi."

Alicheka mpaka kilemba kikalegea, akatafuta kiti akakaa. Alipopata pumzi alijaribu kuugeuza ule mlima. Mwiko ukasimama wima, haukwenda popote. Nikaupokea, nikashika sufuria kwa kitambaa, nikageuza mara moja, kitu kizima kikapinduka kikilalamika. Akanibonyeza msuli wa mkono.

"Mwanangu alisema unaandika vitabu. Mkono huu hakuutaja."

Tulikaa mezani. Nilikata tonge, nikachovya, nikatafuna.

"Unatafuna?" Alinitazama kama niliyevaa viatu kitandani.

"Ndiyo, Mama."

"Eba haitafunwi. Iache iteleze."

Nilijaribu. Ilikwama, machozi yakanitoka, naye akacheka tena. Halafu akakata tonge lake. Akameza. Akakata la pili, kubwa zaidi. Niliacha kula, nikawa natazama vidole vyake tu: vinakata, vinafinyanga, vinachovya, vinarudi. Moyoni mwangu kulikuwa na ngoma nzima ya harusi.

Mlango ukafunguka. Mchumba wangu alisimama na theluji kwenye buti, akaniuliza kwa kunong'ona, "Mama amekula?"

Mama ndiye aliyemjibu, akilamba kidole gumba.

"Nawa mikono uje umalize mlima wa mke wako. Mimi nimeshiba."

Nilikuwa na tonge mdomoni. Liliteleza lenyewe.