Pipa Lisilomalizwa

Binti yangu wa miaka minne alishikwa na homa ya malaria mara ya tatu tangu mvua zianze. Wiki moja kabla tulikuwa tumemzika mtoto wa jirani aliyekufa kwa malaria hiyohiyo.

Nilikuwa na hakika mbu wanatoka kwenye mtaro mchafu nyuma ya ua wetu, hapa mtaa wa Hai Malakal, Juba. Niliuzibua kwa mikono yangu. Niligombana na majirani wote kuhusu takataka zao. Mtoto nilimlaza ndani ya chandarua hata mchana. Homa ikarudi.

Mhudumu wa afya niliyemwita alipofika, mtaro hata hakuutazama. Alikwenda kwenye pipa letu la maji ya kunywa, akachota kwa upawa mweupe, akaniita. Ndani ya maji safi kabisa, viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikijinyonganyonga.

"Mama, mbu wa malaria hupenda maji safi yaliyotulia. Hili pipa mlilimaliza lini mara ya mwisho?"

Juba hatumalizi pipa. Maji tunanunua kwa lori, na likija tunajazia juu ya yale ya zamani, maana hujui litarudi lini. Hata kitambaa cha kumpoza mtoto homa nilikuwa nikikichovya humohumo.

Nililikumbatia pipa niyamwage yote. Likainama kidogo, halafu mikono ikagoma. Lori lilikuwa halijaonekana kwa siku tano, na ndani ya nyumba mtoto alikuwa analilia maji.