Sauti ya Wilf Entwistle

Siku Wilf Entwistle alipopanda jukwaani kwa mara ya kwanza, katika klabu ya wafanyakazi kule Burnley, kaskazini mwa Uingereza, baba yake alikataa kugeuza kiti. Alikaa kaligeuzia jukwaa mgongo, bia mkononi, kana kwamba anayeimba ni mtoto wa jirani. Wilf alikuwa kijana wa kiwanda cha nguo, nywele kazipaka mafuta, suruali imembana. Aliimba roki kwa sauti ya kukwaruza mpaka wanawake wa meza za mbele wakaacha kupiga soga. Kisha akaimba wimbo wa mapenzi, laini kabisa, ungedhani kaingia mtu mwingine. Kabla hajaumaliza, katibu wa klabu alimnyang'anya kipaza sauti atangaze kwamba pai za nyama zimefika. Ukumbi mzima ukainuka kwenda kupanga foleni.

Aliyebaki kitini ni Sid Marsden, wakala wa wanamuziki. Alimpa Wilf jina la jukwaani, Ricky Vale, na kwa miaka mingi akamtafutia kila kazi isipokuwa ile aliyoitaka Wilf, kutoa rekodi yake mwenyewe. Roki ilipopendwa, Wilf aliimba roki. Ilipochuja, akavaa suti ya kumetameta akaimba disko. Aliimba kwenye kambi za likizo, kwenye meli za watalii, kwenye matangazo ya sabuni na biskuti. Mwimbaji mwenye jina akiugua koo, studio za London zilimwita Wilf amalizie vipande vilivyobaki, na hakuna msikilizaji aliyewahi kugundua.

Wimbo wake mmoja ulivuma nchi nzima. Ulitoka kwa jina la bendi ambayo haikuwepo, kisha wakatafutwa vijana wenye sura nzuri wakapelekwa kwenye televisheni kuchezesha midomo. Wilf na mkewe, Noreen, waliwatazama wakiwa wamepakata sahani za chipsi.

"Huyo wa katikati hata pa kuvuta pumzi hapajui," Noreen alisema.

"Anapendeza lakini."

"Na wewe unapendeza."

"Sid anasema mimi ni wa redio, Noreen."

Noreen akaenda kuzima televisheni. Alikuwa mpishi wa shule, si mtu wa kulalamika, ila tangu hapo kila Sid alipopiga simu, aliuweka mkono wa simu mezani bila hata kumsalimu na kurudi jikoni.

Sid alikufa, viwanda vikafungwa, klabu nazo zikafuata moja baada ya nyingine. Wilf alikuwa keshastaafu alipotafutwa na msichana aitwaye Tamsin Brook, mtayarishaji wa muziki kutoka Manchester. Alikuwa amesikiliza rekodi za zamani mpaka akang'amua kwamba nyingi kaziimba mtu mmoja. Sasa alitaka kumtolea albamu, na juu ya jalada liandikwe jina la Wilf Entwistle, si Ricky Vale. Wenzake Wilf wa baa walimdhihaki wiki nzima. "Tukuite nani leo?" walimwuliza. "Tusije tukamsalimia asiyehusika." Wilf alicheka nao, akaenda kununua shati jipya.

Studioni aliimba wimbo aliouchagua mwenyewe, akautoa wote bila kukosea. Tamsin alisema ni mzuri sana, halafu akasita.

"Hapo ulikuwa unamwimba nani, Wilf?"

"Simwimbi mtu."

"Basi sikiliza."

Aliporudishiwa rekodi, Wilf alimsikia katika sauti yake mwimbaji mmoja wa Wales ambaye yeye aliwahi kumshikia nafasi. Akaomba arudie. Mara hii alimsikia Mmarekani mmoja aliyekwisha kufa. Alijaribu kwa chini, akajaribu kwa juu, akafumba macho, akavua viatu. Kila mara alitoka mtu mwingine, mzima, tayari kwa jukwaa.

"Nataka sauti yako tu," Tamsin alisema, taratibu kabisa. "Ile ya kabla ya hawa wote."

Wilf alisema anaelewa. Alivaa viatu akaondoka kwa treni. Walijaribu tena majuma yaliyofuata, mpaka waliokuwa wanaigharamia albamu wakajitoa, na Tamsin naye akaacha kupiga simu.

Noreen alikuwa akimenya viazi Wilf alipomwuliza sauti yake ikoje.

"Ya kuongea au ya kuimba?"

"Ya kuimba."

Alifikiri, kisu kimesimama.

"Nitajuaje, mpenzi? Humu ndani hujawahi kuimba."

Alisema hivyo bila kinyongo, akaendelea kumenya. Majira ya baridi yale Noreen alipata kiharusi na hakumaliza hata juma hospitalini.

Baada ya mazishi Wilf alianza kuimba alasiri katika nyumba ya kutunzia wazee. Wazee walimwomba sauti ya nyota huyu na yule, naye akawatolea, na kikongwe mmoja alimbusu mkono akimwita kwa jina la nyota aliyewahi kumpenda. Wilf aliinama akalipokea jina hilo. Kisha koo lake likaota uvimbe. Ulipokatwa, sauti yake ikabaki kinong'ono tu. Nyumba ile ikanunua spika ya kuwapigia wazee nyimbo.

Aliendelea kwenda. Alikaa miongoni mwao, koti mapajani, akisikiliza. Siku moja mhudumu mgeni alimletea chai ya maziwa, akamfunga kitambaa kifuani, akamwuliza kwa sauti kubwa kama amekwisha kunywa dawa zake. Wilf alifungua kinywa amweleze kwamba yeye si mkazi wa pale. Mhudumu hakusikia kitu, akampigapiga begani na kwenda kwa mzee mwingine. Wilf akashika kikombe, akanywa.