Chai ya Bu Tiurma

Katika ofisi yetu ya tarafa, huku milimani Jawa, hatumkatalii mtu kitu. Mkubwa akisema jambo tunainamisha kichwa na kusema "inggih", yaani ndiyo, halafu kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake. Tuliishi hivyo raha mustarehe mpaka tulipoletewa Bu Tiurma. Bu ndivyo tunavyomwita mama kwa heshima, na Pak ni baba.

Bu Tiurma Sihombing ni Mbataki wa kule Sumatra, kando ya ziwa Toba. Mwanamke mnene, mcheshi, akiomba chumvi utadhani nyumba inaungua. Wilaya ilimtuma atutoe kwenye makaratasi: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, vyote viingie kwenye kompyuta. Siku ya kwanza tu alitueleza bila kuficha: wakaguzi wangekuja kabla mvua hazijaisha, na wakikuta mashine zimelala, zingehamishiwa tarafa ya ng'ambo ya mlima pamoja na huduma zote. Maana yake vikongwe wetu wangepanda mlima kufuata vitambulisho, na mimi Wiji, karani wa dirishani, ningepanda nao kila asubuhi kufuata kazi.

"Mmenielewa?"

"Inggih, Bu!" tukaitikia kama watoto wa darasa la kwanza.

Mafunzo yakaanza. Alisimama nyuma ya Pak Mardikun, karani wetu mkuu, mtu anayepiga pasi hata suruali ya shambani. Pak Mardikun akabonyeza pasipotakiwa.

"Umekosea, Pak Mardikun!" akanguruma Bu Tiurma huku akicheka.

Vijana wote wakageuza vichwa, kisha wakajifanya wanatazama dari. Pak Mardikun akatabasamu, akasema inggih, akarudi kwenye taipureta yake. Kompyuta hakuigusa tena. Na kama yeye haigusi, nani angethubutu kumtangulia? Tukazifunika mashine kwa vitambaa zisiingie vumbi, tena vitambaa vizuri vya batiki.

Wiki zikapita hivyo. Siku moja Bu Tiurma akaja kuketi nami dirishani na sahani ya tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga.

"Wiji, niambie ukweli. Nyie watu mnanicheza shere?"

"Hapana, Bu. Tunakuheshimu."

"Mtaniheshimu mpaka nifukuzwe kazi! Hivi mtu wa huku akitaka kukataa, anasemaje?"

"Anasema inggih, Bu. Ila polepole zaidi."

Alinitazama kama anayetaka kulia, kisha akaangua kicheko mpaka tempe ikampalia. Habari ya aibu ya siku ile ya mafunzo sikumwambia. Ilikuwa ya Pak Mardikun, si yangu kuitangaza.

Kesho yake akaingia na mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Pak Mardikun, hii taipureta imezeeka. Tuiuze?"

"Inggih, Bu."

"Leo hii?"

"Ing... gih."

Mnunuzi akaikumbatia, akainyanyua. Kengele yake ndogo ikalia yenyewe. Pak Mardikun akasimama.

"Mboten!"

Hapana. Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo humu ndani likitoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Kalamu ya mtu ilianguka. Mnunuzi akaishusha taipureta taratibu, kama anayelaza mtoto.

Bu Tiurma uso ukamng'aa kama bibi harusi. "Asante, Pak! Asante sana! Sasa niambie, kwa nini?"

"Kujifunza nataka, Bu," Pak Mardikun akasema. "Lakini kosa langu ulilitangaza mbele ya hawa vijana. Mimi nina wajukuu."

Kicheko kikamwisha Bu Tiurma. "Kwetu, Pak, anayekupenda ndiye anayekupigia kelele. Sikujua. Nisamehe. Kuanzia leo nitanong'ona." Akajaribu palepale, na nadhani hata msikitini walimsikia. Tukavunjika mbavu, Pak Mardikun akiwa wa kwanza.

Kwa kuwa kunong'ona kulishindikana, mimi nikaleta wazo la chai. Pak akikosea, Bu asiseme neno. Amwekee tu glasi ya chai kando ya mkono. Chai huzunguka ofisini kutwa, nani atatambua? Siku ya kwanza meza ya Pak Mardikun ilijaa glasi hata kipanya kikakosa pa kupita, na safari zake za chooni zilitutia huruma. Lakini alianza, na sisi tukafunua mashine zetu, tukanyweshwa chai vilevile. Baada ya mwezi alikuwa akilalamika kwamba siku hizi anashinda na kiu.

Wakaguzi walikuja mvua ikinyesha. Walimsimamia Bu Tiurma nyuma ya kiti wakimtaka aandikishe mtoto mchanga, mama yake akiwa dirishani kwangu. Mwanamke yule asiyeogopa kitu akaandika mbiombio. Nikachungulia kioo chake: mwaka aliozaliwa mama ameuandika kuwa wa mtoto. Kidole chake kilikuwa tayari kinaelekea kitufe cha kutuma, na wakaguzi bado wanapangusa miwani yao mvua. Ningepiga kelele, angeaibika. Ningenyamaza, tungevuka mlima sote.

Pak Mardikun, aliyekuwa akitazama kutoka meza ya jirani, akainuka bila haraka, akaweka glasi ya chai kando ya mkono wa Bu Tiurma.

"Karibu chai, Bu."

Kidole kikasimama. Bu Tiurma akasoma upya, akasahihisha, akatuma. Cheti kikatoka kwenye mashine, mkaguzi mkuu akakisoma mstari kwa mstari.

"Safi. Mashine zinabaki hapa," akasema, akageukia glasi ile. "Na sisi je, hatupati chai?"

"Inggih, Pak," nikamjibu, ila polepole zaidi.

Bu Tiurma aliishika glasi kwa mikono miwili, akainywa yote ikiwa bado ya moto, machozi yakimtiririka.

"Asante, Pak Mardikun," akanong'ona. Na safari hii hata mimi, niliyekuwa hatua chache tu kutoka kwake, nilimsikia kwa shida.