Saruji ya Sleyum katika ukuta wa kibla

Jua halijavuka mlima, na Sleyum Msellem keshapiga magoti mbele ya ukuta wa kibla. Hasali. Sala ya alfajiri imepita na wanaume wanne waliosali naye wamerudi makwao. Ameinamia ufa uliopanda kutoka sakafuni hadi ubavuni mwa mihrabu, upenu wa ukutani anamosimama imamu, na amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

Juu ya ufa huo kimegandishwa kwa jasi kipande chembamba cha kioo. Ukuta ukisogea hata kidogo tu, kioo kinavunjika. Leo ni Jumatatu, na mhandisi anayekagua jengo atakuja Alhamisi. Akikuta kioo kimevunjika, msikiti utafungwa na kubomolewa.

"Kizima," anasema Sleyum, akishusha pumzi. Kisha anakitazama tena, hajiamini.

Sleyum, mwenye miaka 63, alizaliwa Unguja na kuletwa Muscat, Oman, akiwa kijana. Kwa miaka thelathini alisimamia matengenezo ya majengo ya serikali Al Khuwair. Tangu astaafu, huendesha gari kila siku kutoka kwake Mabela mpaka kijiji hiki cha milimani nyuma ya Al Amerat, alikozaliwa mkewe, Wadha. Malipo hapati. Pensheni inamtosha, anasema, na ukimuuliza mara ya pili anabadili mazungumzo.

Ukiupita msikiti wenyewe kwa haraka, unaweza kudhani ni ghala la tende. Hauna mnara. Ni chumba kimoja cha udongo juu ya jukwaa la mawe, chenye ngazi ya kupandia darini alikokuwa akisimama mwadhini. Ndani kuna nguzo nne nene ambazo mtu mmoja hawezi kuzikumbatia, dari ya magogo ya mtende na mikeka, na vishubaka vya misahafu na taa.

Halafu unageuka, na unaiona mihrabu. Jasi imechongwa maua, nyota na mistari ya maandishi mpaka karibu na dari. Katikati vimepachikwa vibakuli vitatu vya kaure, vyenye michoro ya buluu. Pembeni, kwa herufi ndogo za mtu asiyependa makuu, fundi ameandika jina lake na mwaka: 914 Hijria. Ni zaidi ya karne tano sasa.

Yote hayo yamebebwa na ukuta uliolowa chini.

Aliyegundua ni Raghad, binti yake Sleyum, mchoraji wa ramani za majengo, alipokuja kuupima msikiti mwaka jana. Chini ya ukuta, kufika kiunoni, kuna tabaka la saruji. Unyevu wa ardhini ulizoea kupanda ndani ya udongo na kukaukia nje. Saruji iliuziba, ukabaki ndani miaka kumi na miwili. Raghad alibandua kipande, akatia kidole, na kidole kikazama.

"Akanambia polepole, 'Baba, si saruji yenu hii?'" anasimulia Sleyum. "Ilikuwa yetu kweli. Mie ndo niloitia."

Mwaka 2013, wiki mbili kabla ya Ramadhani, alikuja na marafiki zake wa Mabela na mifuko arobaini ya saruji. Ukuta ulikuwa ukipukutika na kuchafua kanzu za waumini.

"Siku mbili tu, ukuta umenyooka, unan'gara. Kazini nimezowea zege, basi udongo n'kauona umaskini. Wallahi nilikuwa nna furaha siku ile."

Sasa anaibandua saruji hiyohiyo kwa patasi ndogo, upana wa kiganja kwa siku, maana nyundo kubwa ingeitikisa mihrabu. Palipokauka anapajaza matofali ya udongo. Zimebaki mita mbili, chini ya mihrabu kabisa. Akikosea hapo, jasi ya karne tano itamwangukia miguuni. Akiziacha, ukuta utaendelea kuoza. Wadha anasema siku hizi hata sahani ya wali mumewe anaikwangua kwa ncha ya kijiko, polepole, macho hayapo mezani.

Mhandisi ameweka sharti jingine. Hata kioo kikiwa kizima, hatatoa kibali cha kuuacha msikiti usimame mpaka wanakijiji wakubali saruji iliyobaki iondolewe. Hapo ndipo pagumu.

Bakhit, mwangalizi wa msikiti, anaingia na birika la kahawa. Ana miaka 71 na alikulia Tabora.

"Vijana wanataka msikiti mpya wenye kiyoyozi," anasema. "Siwalaumu, Juni humu unasali huku jasho linakutiririka. Lakini mimi huu nimeufagia tangu nirudi. Na tusidanganyane, saruji ya Sleyum ndiyo inayoushikilia. Akiitoa yote, utasimama na nini?"

Anammiminia Sleyum kahawa, kisha anaongeza kwa fahari kwamba kila Ramadhani wakihitimisha msahafu, kijiji kizima humwombea dua Sleyum kwa jina, kwa ajili ya saruji ile. Sleyum anakitazama kikombe chake.

Bakhit akishatoka, Sleyum anakiri kuwa hajamwambia mtu kijijini. Wao wanaamini unyevu umetokana na kisima, na kwamba anabandua saruji ili kuukausha ukuta tu. Keshokutwa, baada ya sala ya alasiri, anapanga kusimama mbele yao wote, awaeleze saruji yake imefanya nini, kisha aombe ruhusa ya kuzitoa mita mbili zilizobaki.

Anaogopa kulaumiwa?

"Lawama ntaibeba," anasema. "Nnachokhofia wasinilaumu. Wanambie, 'Sleyum, nia yako ilikuwa njema, iache tu.' Halafu wawe wananiombea dua chini ya ukuta ule, mpaka siku utapowaangukia."